New York kwa miguu majira ya kuchipua: jinsi ya kuzunguka mitaa yake bila kukimbizana na ratiba

Wengi wakifika New York wanafanya kitu kilekile, wanashuka treni pale Times Square wanapiga picha na mataa, wanakimbilia jengo refu, wanarudi kulala wamechoka na ukiwauliza jiji likoje wanakwambia lina watu wengi na kelele. Mi nawaelewa kwasababu hata mimi siku za mwanzo nilifanya hivyohivyo, nikamaliza siku tatu nimeona vitu kumi na mitaa sifuri. Jiji hili ni mitaa iliyobanana, watu milioni 8.8 kwa sensa ya 2020, na kila kundi lina kona yake, yani unavuka barabara moja tu lugha ya vibao inabadilika, harufu ya chakula inabadilika, mpaka namna watu wanavyokaa nje ya nyumba zao inabadilika. Sasa ukipanda treni unazama chini kwa Wachina unaibuka kwa Wasenegali, hapo katikati hujui kulikuwa na nini, na mi nasema utamu wote uko hapo katikati. Kwahiyo kila nitakachosema hapa chini kinatokana na jambo moja: chagua mstari mmoja kwa siku, utembee wote, usiruke.

Hatua ya 1: chagua wiki yako vizuri

Kalenda inasema majira ya kuchipua yanaanza karibu na tarehe 20 Machi lakini usiiamini sana, Machi ya New York bado ina meno. Wastani wa joto la mchana mwezi huo ni nyuzi 10 hivi, Aprili inapanda mpaka 16, Mei 22, na hapo hujahesabu upepo unaotoka mto Hudson upande wa magharibi na East River upande wa mashariki, ule upepo ukikukuta kwenye kona na umezoea joto la pwani utajuta. Kama una uhuru wa kuchagua, chukua wiki ya mwisho ya Aprili mpaka katikati ya Mei, hapo ndo penyewe.

Sababu nyingine ni mwanga. Jumapili ya pili ya Machi saa zinasogezwa mbele saa moja, kwahiyo ghafla jioni inakuwa ndefu, mwisho wa Aprili jua linazama saa mbili kasorobo usiku na katikati ya Mei linafika saa mbili na dakika kadhaa. Ukianza kutembea saa nne asubuhi una siku nzima mbele yako. Na kama utakuwepo mwisho kabisa wa Mei, kuna jioni mbili hivi karibu na tarehe 29 na 30 ambapo jua linazama katikati kabisa ya barabara za Manhattan, kile kisiwa kilicho kitovu cha jiji, kama limewekwa na mtu, watu wanajaa pale 42nd Street na 34th Street wanasimama katikati ya barabara kila taa ikisimamisha magari. Mi nilisimama pale na sijasahau, lile jua jekundu katikati ya majengo mawili.

Maua yana mpangilio wake. Mwisho wa Machi mpaka Aprili mwanzoni ni magnolia, alafu inakuja miti ya maua meupe iliyopandwa pembezoni mwa barabara karibu kila mtaa, kwa macho ni mizuri sana ila ukiikaribia inanuka kama samaki, usishangae, sio jalala. Katikati ya Aprili cheri za rangi hafifu, na mwisho wa Aprili kuingia Mei mwanzoni ndo zinakuja zile cheri nzito za waridi zenye petali nyingi. Bustani ya Brooklyn Botanic Garden ni maarufu kwa hizo lakini ina kiingilio na foleni, mi napenda zaidi Roosevelt Island ambako unatembea kandokando ya mto chini ya cheri bure kabisa, au Sakura Park kule juu karibu na 122nd Street ambayo miti yake ililetwa kama zawadi ya Wajapani waliokuwa wakiishi New York mwaka 1912.

Hatua ya 2: vaa na ubebe kidogo

Hapa sitakawia. Viatu ulivyokwisha vizoea, sio vipya, hii ni sheria, malengelenge yanaua safari kuliko mvua. Nguo za kuvaa moja juu ya nyingine ili ukivuka upande wa kivuli uvae na upande wa jua uvue. Koti jepesi lisilopitisha maji ni bora kuliko mwavuli kwasababu upepo wa kule unageuza mwavuli ndani nje. Chupa ya maji, pawabenki ndogo, na kama una mzio wa vumbi la maua beba dawa zako, miti yote ile inatoa vumbi kwa pamoja.

Hatua ya 3: jifunze jinsi jiji lilivyohesabiwa

Hii hatua watu wanairuka alafu wanatembea wameinamia simu siku nzima. Tumia nusu saa tu kuielewa, itakulipa.

Manhattan ilichorwa kwa rula. Mpango ule ni wa mwaka 1811, avenyu zinatoka kusini kwenda kaskazini, striti zinakatiza mashariki magharibi na zina namba zinazopanda ukielekea kaskazini. Fifth Avenue ndo mpaka, kushoto kwake ukiangalia kaskazini ni West na kulia ni East. Bloki (kipande cha kutoka barabara moja mpaka inayofuata) 20 za striti ni karibu kilomita 1.6, yani ukitoka 110th Street mpaka 130th Street umeshatembea hiyo. Lakini bloki za kutoka avenyu moja kwenda nyingine ni ndefu, zinaweza kuwa mara tatu ya zile fupi, na hapa ndo wageni wanapodanganyika, wanaona kwenye ramani "ni avenyu nne tu" alafu miguu inalia. Magari pia yanakusaidia, mara nyingi striti zenye namba shufwa magari yanaelekea mashariki na zenye witiri magharibi, kwahiyo ukitoka kwenye treni hujui uko upande gani angalia magari yanakokwenda, utapata jibu kabla simu haijapata mtandao.

Broadway ndo imekataa rula. Inakatiza kimshazari kwasababu sehemu yake kubwa inafuata njia ya zamani ya Walenape, watu waliokuwa pale kabla ya Wadachi na Waingereza. Na ukishuka chini ya Houston Street (hutamkwa "Hauston", ukisema kama ule mji wa Texas watajua umefika jana) mpangilio unavunjika, na kule Greenwich Village ni vurugu kabisa maana West 4th Street inakatana na West 10th, 11th na 12th Street, kitu ambacho kihesabu hakiwezekani. Kule usipigane nako, potea tu, ni mtaa mzuri wa kupotea.

Harlem, ule mtaa wa kaskazini mwa Manhattan, barabara zina majina mawili au zaidi. Lenox Avenue ndo hiyohiyo Malcolm X Boulevard, Seventh Avenue inaitwa Adam Clayton Powell Jr. Boulevard, Eighth Avenue ni Frederick Douglass Boulevard, na 125th Street ina jina la Martin Luther King pia. Mwenyeji akikuelekeza atatumia jina lolote linalomjia mdomoni, kwahiyo yajue yote.

Queens, sehemu ya jiji iliyo ng'ambo ya East River, ndo balaa mpaka uijue siri yake. Kule utakuta 34th Avenue, 34th Street, na zipo pia Road, Drive na Place za namba zinazofanana. Siri ni kistari kwenye anwani. Chukua nyumba aliyoishi mwanamuziki wa jazi Louis Armstrong, 34-56 107th Street. Inamaanisha iko kwenye 107th Street, karibu na inapokatana na 34th Avenue, nyumba namba 56. Basi, ukishaelewa hilo anwani yenyewe inakuwa ramani. Na kumbuka Queens ni kinyume cha Manhattan, avenyu ndo zinalala mashariki magharibi na striti zinasimama.

Kitu kidogo cha mwisho: vibao vya majina ya barabara kwa kawaida ni vya kijani, ukikuta vya kahawia ujue umeingia eneo la kihistoria linalolindwa kisheria. Ukiona kahawia punguza mwendo uangalie juu, madirisha, ngazi, milango. Mi nimegundua mitaa mizuri kibao kwa kufuata rangi ya kibao tu.

Hatua ya 4: panda treni uende mbali, alafu tembea

Treni ya chini ya ardhi inafanya kazi saa 24, unagusa kadi yako ya benki isiyohitaji kuchomekwa au simu pale mlangoni inakatwa nauli moja, zile kadi za zamani za njano ziliacha kuuzwa mwisho wa 2025 kwahiyo usihangaike kuzitafuta. Ukitoka kwenye treni ukapanda basi ndani ya saa mbili hukatwi tena, ila uguse kwa kadi ileile au simu ileile.

Makosa mawili ya kuepuka. Kwanza, kuna milango ya stesheni inayoingiza upande mmoja tu, imeandikwa Uptown (kuelekea kaskazini) au Downtown (kuelekea kusini), ukiingia upande usio wako huenda usiweze kuvuka ndani, kwahiyo soma kabla ya kugusa. Pili, wikiendi njia zinabadilishwa ovyo kwa ajili ya matengenezo, treni ya kawaida inaruka stesheni, soma makaratasi yaliyobandikwa na usikilize matangazo. Jumamosi moja nilipitilizwa stesheni sita kwasababu nilikuwa nasikiliza muziki.

Hatua ya 5: chagua mstari

Ipo mingi lakini nakupa minne ambayo nimeitembea zaidi ya mara moja. Miwili ya kwanza nitaikalia kwasababu ndo niipendayo.

Mstari wa Harlem. Shuka 110th Street treni B au C, pale kona ya juu ya Central Park, kuna sanamu ya Frederick Douglass inakupokea. Panda na Frederick Douglass Boulevard mpaka 116th Street alafu pinda kulia. Hapa unaingia kwa Wasenegali, ukifika mida ya mchana utasikia Kiwolofu na Kifaransa, wazee wamevaa kanzu zao wamekaa nje ya maduka, na salamu yako ya asalam aleikum inafungua mlango wa maongezi kuliko Kiingereza chochote. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza natokea wapi, nilivyosema Afrika Mashariki akaniita mwanangu akanionyesha pa kula. Kula wali wa samaki wa Kisenegali hapo, usile asubuhi nyingi kabla ya kuja. Mbele kwenye kona ya Malcolm X Boulevard kuna msikiti wenye kuba la kijani, na ukivuka kidogo kuna soko la vitambaa na vinyago.

Kutoka hapo panda kaskazini, vibao vinageuka kahawia, upande wako wa kulia kuna Marcus Garvey Park yenye mwamba mkubwa na juu yake mnara wa chuma wa kuangalia moto uliojengwa miaka ya 1850. Nyumba zinazouzunguka ni zile za mawe ya kahawia zenye ngazi ndefu za mbele, na majira ya kuchipua ndo wakati watu wanaanza tena kukaa kwenye ngazi hizo baada ya miezi ya kujifungia, jambo ambalo ukija Januari hulioni kabisa. Ukifika 125th Street kata kushoto uone Apollo, ukumbi uliofungua milango kwa watu weusi mwaka 1934 na mwaka huohuo binti wa miaka 17 aitwaye Ella Fitzgerald akashinda shindano la wasanii chipukizi.

Alafu panda mpaka 135th Street, Schomburg Center. Nakuomba usipite hapa bila kuingia, ni bure. Ni maktaba na hifadhi ya historia ya watu weusi duniani, mbegu yake ni vitabu na nyaraka za Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, ambazo maktaba ya jiji ilizipata mwaka 1926. Ndani sakafuni kuna mchoro wa duara wenye mito, na chini yake yamezikwa majivu ya mshairi Langston Hughes. Watu wanapita juu yake kila siku, mi kila nikifika nasimama pembeni ya duara kwanza. Malizia 138th na 139th Street, magharibi ya Adam Clayton Powell, uone nyumba zinazoitwa Strivers' Row, kwenye nguzo za mageti bado kuna maandishi ya zamani yanayowataka watu watembeze farasi wao wasikimbize. Jumla ni kilomita nne mpaka tano ukihesabu kona zote.

Mstari wa Queens. Treni 7 inapita juu ya Roosevelt Avenue kwenye vyuma, chini yake ni kivuli na kelele na biashara, na mstari huu unautembea sambamba nayo. Shuka 74th Street, Jackson Heights. Ukitoka tu ni maduka ya dhahabu, sari, viungo, Wahindi, Wabangladeshi, Wanepali, vibanda vya momo, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama au mboga. Kaa hapo kama saa moja alafu panda kidogo kaskazini mpaka 34th Avenue, barabara iliyofungwa kwa magari mchana tangu 2020, zaidi ya kilomita mbili ya watoto na baiskeli na bibi na babu kwenye viti vyao, na pembeni magorofa ya matofali ya miaka ya 1910 na 1920 yenye bustani katikati, unazichungulia tu kupitia mageti. Ukipita 81st Street shuka bloki moja mpaka 35th Avenue uangalie kibao cha barabara kwa makini, kila herufi ina namba ndogo ya pointi, ni kumbukumbu ya Alfred Butts aliyebuni Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa herufi zenye pointi, akiishi mtaa huu.

Endelea mashariki, kuelekea Junction Boulevard Kihispania kinachukua nafasi yote, Wakolombia, Waekwado, Wameksiko, matunda yaliyokatwa kwenye vikombe, mahindi. Alafu ile nyumba ya Armstrong. Mkewe Lucille ndo aliyeinunua mwaka 1943 na mwanamuziki mwenye uwezo wa kuishi popote akaamua kubaki hapa, kwenye mtaa wa kawaida wa wafanyakazi, mpaka alipofariki 1971. Sa hivi ni makumbusho, angalia siku zinazofunguliwa kabla hujaenda. Ukiwa bado na nguvu malizia Flushing Meadows kwenye dunia kubwa ya chuma ya urefu wa mita 43 iliyojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1964, majira ya kuchipua familia zinajaa pale na mipira. Rudi na treni 7, kaa dirishani, mtaa wote uliotembea utaupita kwa juu na utautambua duka kwa duka.

Mstari wa chini Manhattan ni mfupi: Astor Place, St. Marks Place mpaka Tompkins Square Park yenye miti mikubwa ya elmu, vuka Houston, shuka na Orchard Street ambako namba 97 ni jengo la 1863 walimobanana wahamiaji vizazi na vizazi, sasa makumbusho, alafu Eldridge Street kuna sinagogi ya 1887 ambayo leo imezungukwa na maduka ya Kichina pande zote. Hapo ndo unaona kile ninachosema, watu wamehama jengo limebaki. Malizia Columbus Park uwatazame wazee wa Kichina wakicheza karata na sataranji yao, na usiwasogezee kamera usoni.

Mstari wa daraja kila mtu anaujua ila wengi wanautembea kinyume. Anzia Brooklyn, ng'ambo ya East River, shuka Clark Street, pita Brooklyn Heights (mtaa wa kwanza wa jiji kulindwa kisheria, 1965), tembea ile baraza ndefu inayoangalia mto, alafu panda Brooklyn Bridge ukielekea Manhattan ili majengo yawe mbele yako na sio mgongoni. Daraja lina mita 1,800 hivi, lilifunguliwa 1883, na mhandisi mkuu Washington Roebling alivyougua akiwa kazini ni mkewe Emily aliyekuwa akipeleka maelekezo na kusimamia kazi kwa miaka. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo ni kubanana bega kwa bega. Baiskeli zilihamishiwa chini mwaka 2021 kwahiyo njia ya juu ni ya miguu tu.

Hatua ya 6: namna ya kutembea yenyewe

Usitembee katikati ya njia mmefuatana watatu mmeshikana, watu wa kule wanaharakisha, kaa kulia na ukitaka kusimama sogea ukutani. Tembea upande mmoja wa barabara ukienda na upande mwingine ukirudi, utaona mtaa mwingine kabisa. Kila bloki tano simama, angalia juu ya maduka, orofa ya pili na tatu ndo zinasema ukweli kuhusu umri wa jengo.

Kuvuka barabara nje ya kivuko sio kosa tena, sheria ilibadilishwa 2024, ila haimaanishi gari litakusimamia, na hatari kubwa kwa kweli sio gari, ni baiskeli za umeme za wapeleka chakula, zinakuja kimya kwa kasi na wakati mwingine kinyume cha njia. Angalia pande zote mbili hata barabara ikiwa ya upande mmoja. Kwenye njia ya baiskeli usisimame kupiga picha.

Salimia. Sijui nani aliwaambia watu kwamba wakazi wa New York ni wakali, wana haraka tu, ukimkuta mama mzee kwenye ngazi zake anamwagilia maua ukamwambia asubuhi njema na maua yako yanapendeza atakupa historia ya mtaa miaka 40 nyuma. Lakini ngazi ni za nyumba ya mtu, usikae bila ruhusa na usiwapige watu picha, hasa watoto, bila kuuliza.

Hatua ya 7: choo, maji, pesa

Choo ndo tatizo kubwa la jiji hili na hakuna anayelisema. Panga kabla hujabanwa. Maktaba za umma zina vyoo, bustani kubwa zinavyo, cha Bryant Park ni kisafi kuliko vya mahoteli mengi, na kwenye mgahawa utalazimika kununua kitu. Kila unapokiona kilicho wazi, ingia. Maji ya bomba ni salama na matamu, yanatoka milimani kaskazini, na kwenye bustani yale mabomba ya kunywea hufunguliwa tena baada ya baridi kuisha kwahiyo mwezi wa tatu unaweza kukuta makavu.

Bei unayoiona kwenye kibandiko sio utakayolipa, kodi ya mauzo ya asilimia 8.875 inaongezwa pale kaunta kwa vitu vingi pamoja na chakula cha mgahawani, na ukihudumiwa mezani unaacha asilimia 18 mpaka 20 juu yake, wahudumu wanaitegemea kama mshahara. Ndo maana siku za kutembea mi nakula barabarani, mikokoteni ya wali na kuku iliyoandikwa halal ipo karibu kila kona kubwa, nachukua naenda kukaa kwenye bustani.

Hatua ya 8: mvua ikija

Na itakuja, Aprili ni Aprili. Usiahirishe. New York kuna mapaa ya mbao yaliyojengwa juu ya njia za miguu kukinga watu na majengo yanayokarabatiwa, wenyeji wanayalalamikia kwa kuziba mwanga lakini siku ya mvua unaweza kuunganisha bloki nyingi bila kulowa. Ikizidi ingia maktaba au makumbusho ya mtaani kwenye mstari wako huohuo, subiri, mara nyingi inapita. Mara tu ikikata toka haraka, petali zimetapakaa njia nzima, lami inang'aa, hiyo nusu saa usiipoteze ndani.

Hatua ya 9: kupumzisha miguu jioni

Siku nikiwa nimechoka kabisa nateremka mpaka ncha ya kusini ya Manhattan napanda feri ya Staten Island. Ni bure, safari ni dakika 25 hivi, inapita karibu na ile Sanamu ya Uhuru, na wakati wa kwenda sanamu iko mkono wa kulia kwahiyo wahi reli ya upande huo, nje, hata kama kuna baridi. Ukifika ng'ambo kila mtu lazima ashuke, zunguka ndani ya kituo upange tena foleni na upande ile ya kurudi, na ukiwahi ile inayoondoka jua likikaribia kuzama kaa mbele kabisa, taa za majengo zinaanza kuwaka moja moja wakati unasogea.